Mficha Uchi Hazai: Historia ya Kutafuta Mtoto Katika Nchi ya Uzaramo

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni hii: mwenye shida akiificha, hapati wa kumsaidia. Sawa, hiyo ndiyo maana ya kujibia mtihani. Lakini ukitoka darasani ukaenda kukaa barazani na kina mama wa Kisarawe au wa Mlandizi, utagundua kwamba methali hii ina mtu wake. Anayeambiwa asifiche ni mwanamke. Asimfiche kungwi, asimfiche mganga, asimfiche daktari. Na mwanamume je? Yeye uchi wake umefichwa na nani, na tangu lini?

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Nimeuliza wazee, nimesoma vitabu nilivyobahatika kuvipata, na haya ninayoyaandika ni historia ya watu wa Uzaramo katika kumtafuta mtoto aliyechelewa kuja. Siyo historia ya wafalme na vita, ndugu msomaji, ingawa vita vimo. Ni historia ya chumbani, ile ambayo vitabu vya shule huipita kimya kimya.

Uzaramo ni nchi inayoizunguka Dar es Salaam. Ukipanda kilima cha Pugu ukaendelea mbele umeingia Kisarawe, nchi ya mikorosho, minazi na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ukishika barabara ya Morogoro unafika Kibaha, kisha Mlandizi na Ruvu, ambako Wazaramo wamechanganyika na Wakwere na makabila mengine mengi. Sisi wa mjini tunazijua sehemu hizi kwa mkaa, maembe na mananasi. Lakini zina mengine.

Tuanze na mwali. Msichana wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani, na zamani alikaa humo miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Humo ndani alikabidhiwa mwana hiti. Huyu ni mwana wa mti, kinyago kidogo cha kushikika mkononi, kilichochongwa kwa mti au kutengenezwa kwa kibuyu, na wakati mwingine kwa gunzi la hindi. Hana mikono. Ana matiti, na kichwani nywele zake zimesimama mafungu mawili. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto. Aliyemdharau aliambiwa kwamba atakuja kumkosa mtoto wa kweli. Na siku za kutolewa ulikuwapo mti wa mkole, mti wenye vitunda vingi vidogo, ambao ulikuwa mfano wa uzazi. Msomi wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti katika kijiji cha Bunju katika miaka ya 1960, aliyaeleza mambo haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1970.

Leo ukimwona mwana hiti ndani ya kabati la kioo la makumbusho unaweza kudhani ni mwanasesere wa kuchezea. Hapana, bwana. Ilikuwa bima. Na ndani ya bima hiyo mlikuwa na sharti moja zito: kabla msichana hajaolewa, kabla hata hajamjua mwanamume, alikwisha kujua kwamba mtoto asipopatikana atakayeulizwa ni yeye.

Mtoto asipopatikana, mambo yalikwenda kwa hatua. Kwanza ni wanawake wenyewe, mama na bibi, kwa mizizi ya kuchemsha na kunywa. Ugonjwa uliotajwa zaidi ulikuwa chango, na mpaka leo unatajwa. Ni maumivu ya tumboni yanayosemwa kwamba hukizuia kizazi kisishike mimba. Mizizi ikishindwa, watu walikwenda kupiga ramli. Hapo mganga hakuuliza tu tumbo linauma wapi. Aliuliza nani kagombana na nani, mahari ilimalizwa au haikumalizwa, mizimu ya upande wa mama imefanyiwa tambiko au imesahauliwa. Ikionekana ni pepo, ngoma ilipigwa. Waganga wa kitabu, waliofuata elimu ya Kiislamu, waliandika kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Wengine walitoa hirizi ya kufunga kiunoni.

Tusicheke haraka. Ramli ilikuwa na jambo moja ambalo kadi ya hospitali haina: iliwakusanya ndugu. Ukoo mzima ulikaa kitako kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja. Na waganga wa Pwani hawakuwa vipofu juu ya mwili wa mwanamume. Ngiri na mshipa ni maradhi ya kiume ambayo dawa zake zimetafutwa miaka na miaka, na watu walijua yanaweza kumnyima mtu nguvu. Lakini hapo pana kona ya kuangalia vizuri. Dawa za mwanamume zilikuwa za kumpa nguvu chumbani. Akishakuwa na nguvu, hesabu yake imefungwa. Kwamba mtu anaweza kuwa jogoo hasa na bado mbegu zake zisiwe na uhai, hilo halikuweza kuonekana kwa macho. Kwa hiyo lawama ilirudi palepale.

Kisha wakaja Wajerumani. Wamisionari wa Kilutheri walianzisha kituo Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni ikaanza kutoza kodi ya nyumba. Kodi ilitaka fedha, fedha ilitaka kazi, na kazi ilikuwa mbali na nyumbani: mjini Dar es Salaam, mashambani kwa walowezi, na kwenye reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Pugu, Soga na Ruvu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro.

Reli na kodi vinahusianaje na mtoto? Vinahusiana sana. Wanaume waliokaa miezi mbali na wake zao walirudi na fedha ya kodi, na baadhi walirudi na kisonono. Ugonjwa huu kwa mwanamume huuma, humfanya alie anapokojoa, naye hutafuta dawa. Kwa mwanamke mara nyingi hukaa kimya. Hupanda taratibu kutoka kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, ile njia nyembamba ambamo yai na mbegu hukutana. Mirija ikivimba na kupona huacha makovu, na makovu huziba njia. Klamidia hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ukimya zaidi. Mwanamume anaweza kumwambukiza mkewe, akapona, akasahau. Baada ya miaka mitatu anamwuliza: mbona huzai?

Mwaka ule ule wa 1905 Vita ya Majimaji ilizuka. Wazaramo tangu zamani walikuwa na uhusiano na Kolelo, mzimu wa pangoni katika milima ya Uluguru, uliokuwa ukiombwa mvua na neema ya mashamba. Vita ilipowaka jina la Kolelo lilitajwa Uzaramo pamoja na dawa ya maji. Tangu hapo, machoni pa serikali, mganga mwenye kibuyu alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Waingereza walipoichukua Tanganyika walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Sheria ile iliwalenga wachawi, lakini ilimweka mganga naye mahali pa hofu, hasa yule wa ramli. Basi mganga akaingia uani. Hakufa. Alijificha tu.

Je, serikali iliyomtilia shaka mganga iliweka nini badala yake? Kidogo. Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa na hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi wa jina hilo, mpaka ilipofunguliwa hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Mwanamke wa Mzenga au Vikumburu aliyetaka kujua kwa nini hashiki mimba alikuwa na safari ndefu.

Jambo kubwa lililotokea zamani zile halikuwa dawa ya uzazi hata kidogo. Ilikuwa penisilini, iliyoenea baada ya vita ya 1939 hadi 1945. Penisilini haikuweza kufungua mirija iliyokwisha kuziba, ila iliweza kuua kisonono na kaswende kabla havijafika huko. Hesabu za watu za miaka ya 1950 na 1960 zilionyesha kwamba wanawake wa Pwani walizaa watoto wachache kuliko wa sehemu nyingi za bara. Mtaalamu Ulla Larsen alipolinganisha takwimu za mwaka 1973 na zile za 1991 na 1992, aliona kwamba ugumba nchini ulikuwa umepungua. Na mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi nyingi. Ulionyesha kwamba kuziba kwa mirija kulikosababishwa na maambukizo kulikuwa tatizo kubwa zaidi kwa wanawake wa Afrika kuliko wa kwingineko. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya msiba huu ilikuwa ya kuzuilika. Sindano moja kwa wakati wake ingeweza kuokoa ndoa nyingi kuliko mizizi ya msitu mzima.

Sasa twende Kibaha. Baada ya Uhuru, nchi za Nordiki, yaani Swideni, Norwe, Denmaki na Ufini, zilikubaliana na serikali ya Tanganyika kujenga kituo kikubwa cha elimu pale Kibaha. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1962. Palijengwa sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya, na mwaka 1970 mradi wote ukakabidhiwa kwa Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha afya ndicho mwanzo wa Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Kwa watu wa Mlandizi, Soga na Kwala, daktari sasa alikuwa karibu.

Lakini daktari alikuja na kazi aliyotumwa. Chama cha uzazi wa mpango kilikwisha kuanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, na baadaye kikajulikana kama UMATI. Mwaka 1974 huduma za mama na mtoto zikaenezwa nchi nzima. Ni kazi njema, nani asiyejua? Watoto wengi tupo hai kwa sababu yake. Hata hivyo mtazame mwanamke asiye na mtoto anaposimama mbele ya jengo lililoandikwa Mama na Mtoto. Yeye si mama, na mtoto hana. Aingie mlango gani? Wenzake wanapewa vidonge vya kuzuia mimba, yeye anaitafuta hata moja. Dunia yenyewe ilichelewa kumwona. Ni mpaka Mkutano wa Kairo wa mwaka 1994 juu ya idadi ya watu ndipo mataifa yalipoandika wazi kwamba kuzuia na kutibu ugumba ni sehemu ya afya ya uzazi.

Nina shangazi yangu aliyeolewa Mlandizi mwaka 1991. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na mfuko mmoja, na ndani yake mlikuwa na vitu vya pande zote mbili: kadi za hospitali na vichupa vya mganga. Asubuhi alikunywa kidonge, jioni alikunywa mizizi. Katika hospitali moja alisafishwa kizazi mara mbili, kitu ambacho wataalamu wanasema si tiba ya ugumba, na kikifanywa vibaya kinaweza kuleta madhara. Alipigwa picha ya mirija. Alikwenda kwa mganga Maneromango na kwa mwingine Bagamoyo. Mwaka 1999 mumewe akaoa mke wa pili. Ikapita miaka mitano, na yule wa pili naye kimya. Hapo ndipo wazee walipoanza kukohoa. Lakini ni kukohoa tu. Hakuna kikao kilichoitwa.

Nilimwuliza, "Shangazi, yeye hakupimwa?"

Akasema, "Baba, mimi nimevuliwa nguo na watu wasiopungua kumi. Yeye hata kichupa kile hakukishika. Alisema mwanamume mzima hapimwi."

Shangazi amelea watoto watatu wa ndugu zake, nami nimo. Sisemi hivi ili aonewe huruma. Nasema kwa sababu kipimo alichokikataa mume wake ndicho chepesi kuliko vyote. Hakuna kupasuliwa wala kulazwa. Mwanamume anajizuia siku mbili hadi saba, anapewa kichupa, anaingia faragha, kisha fundi wa maabara anatazama kwa hadubini kama mbegu zipo, ni ngapi, na zinaogelea vipi. Mholanzi Leeuwenhoek aliziona mbegu kwa hadubini yake tangu mwaka 1677. Na madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo la mwanamume limo, peke yake au pamoja na la mwanamke. Zaidi ya miaka mia tatu tangu zionekane, na mtu wa Mlandizi bado anasema mwanamume mzima hapimwi!

Je, waganga tuwaache? Sidhani kwamba ni rahisi hivyo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu kilianzisha pale Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 1974 huo huo Lloyd Swantz alikamilisha utafiti wake juu ya waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam, akaonyesha kwamba mji haukuua uganga bali uliupa wateja wapya. Mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza likaundwa la kuwasajili waganga. Mganga akatoka uani. Lakini ramli ina upande wa giza: inaweza kumpa mgonjwa mchawi wa kumchukia badala ya dawa ya kumponya. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Na zipo dawa ambazo wanawake huambiwa waziweke ukeni, zikawaletea maambukizo mengine juu ya yale ya kwanza. Mganga anayestahili jina hilo ni yule anayejua mahali pa kusimama, akasema: hili nenda hospitali, na uende na mumeo.

Hospitali nazo zimepiga hatua. Vidonge vya klomifeni, vya kuliamsha yai, vipo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba maabara. Uganda ilimpata wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Tiba hii ni ya bei kubwa, na mkulima wa korosho wa Kisarawe akisikia gharama yake atadhani anauziwa nyumba. Lakini jambo linalonivutia zaidi lilitangazwa Brussels mwaka 1992. Madaktari walifaulu kuchukua mbegu moja tu ya mwanamume na kuidunga ndani ya yai, na watoto wakazaliwa. Tiba hiyo ilibuniwa kwa ajili ya waume wenye mbegu chache au dhaifu. Yaani sayansi imemwandalia mwanamume tiba, naye bado hajakubali kwamba anaumwa!

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo hili katika maisha yake. Mtu, si mwanamke. Hesabu hiyo maana yake ni kwamba katika daladala moja ya Mbagala wamo kadhaa, wamenyamaza, wanatazama dirishani.

Wenzangu wa kalamu, hapa nasi tuna kazi. Tazameni maneno yetu wenyewe. Mgumba anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, lakini tasa ni wa kike tu, na neno hilo hilo tunamwitia mbuzi. Wa kiume hana tusi lake la peke yake. Lugha imemfichia. Na hadithi zetu je? Mara ngapi tumesoma, na pengine tumeandika, ile ya mke anayefukuzwa na mama mkwe, akaenda kwa mganga, na ukurasa wa mwisho akajifungua mapacha? Mume katika hadithi hiyo anafanya nini? Anasubiri chakula.

Mwandike basi. Mwandike akiwa kwenye benchi la maabara, kofia mkononi, kichupa kimefunikwa kwa gazeti. Mwandike anavyopanga uongo wa kumwambia nesi, kisha jina lake linaitwa na inambidi asimame mbele ya watu. Mwandike akirudi nyumbani na karatasi mfukoni, mkewe akiwa uani anatwanga, na yeye hajui aanzie wapi. Tangu zamani za mwana hiti huyo ndiye mtu ambaye hatujamsikia. Wake zake tumewasikia vya kutosha, na wamekwisha kusema kila kitu.